Shuka za Alfama

Siku ya nne Lisboni tuliamka bila ratiba.
Ramani baba alikwishaikalia,
imechanika penye mto.
Tramu ya manjano ikapanda kilima ikikohoa,
nasi nyuma yake kwa miguu,
vidole vyanata sukari ya vikeki.

Ngome i juu, yatungoja.
Bibi Etelvina akasimama uchochoroni:
shuka za watu kambani, wingu limeiva.
"Wenyewe wako wapi?"
Akaanua moja. Akaanua zote.
Akakunja pembe kwa pembe,
mimi nikishika upande wa pili,
hadi mvua ikatukuta kizingitini kwa watu.

Ngome hatukuiona.
Ila dirisha lilifunguka juu yetu,
mama mmoja, rola kichwani,
akatutazama, akazitazama shuka,
akauliza:
"Nyie ni wa nyumba ipi?"