Shufwa na Witiri

Mizani ya malori iligoma saa mbili asubuhi,
Oktoba, nyanda za Saskachewani, theluji bado ni tetesi,
malori tisa ya ngano foleni hadi kwenye reli.
Orest Hnatiuk akashusha kioo, akauliza kwa nyusi tu.
Nikamwonyesha kiganja: subiri.

Kompyuta yetu ni rika la kifungua mimba wangu,
naye sasa ana ndevu.
Ilikuwa nyeupe; leo ina rangi ya jino la mvuta tumbaku.
Nyuma yake matundu mawili, pini tisa tisa,
hayana jina, hayana namba:
moja limeshika waya wa mizani,
jingine linashika buibui.

Nikaizima. Nikaiwasha huku nadonoa kitufe
kama kuku aliyechelewa.
Ikafunguka skrini ya buluu, ile iamkayo kabla ya yote,
na humo, chini kabisa, nilichokuwa nikitafuta:
mlango wa kwanza, anwani 3F8, kengele ya nne;
mlango wa pili, 2F8, kengele ya tatu.
Nikanakili mgongoni mwa stakabadhi ya shayiri.

Kila mlango na kengele yake. Ugomvi watoka wapi basi?

Delphine Lacerte, mpima unyevu wa nafaka,
akasema bila kuinua macho kwenye sampuli:
«Mna modemu humo ndani. Ya zama za bei kupigiwa simu.
Jana Garnet aliiamsha, alitaka kutuma faksi.»

Kumbe mlango wa tatu.
Hauna tundu la kuonekana, haumo kwenye orodha,
na kengele yake ni ya nne.
Mizani ikibonyeza, anaitika mgeni.

Nikafungua skrubu. Vumbi la mavuno ishirini,
punje moja ya ngano iliyowahi kuota, ikakata tamaa.
Kwenye kadi, kofia ya plastiki juu ya pini mbili,
ndogo kuliko punje ile.
Nikaihamisha kwa kibanio cha nyusi cha Delphine,
kutoka nne hadi tano. Pumzi nimeibana.

Mizani ikasema. Lakini ilisema nini!
Moyo wa karata, uso unaocheka, pembe, nukta.
Kasi nilikuwa nayo, elfu moja na mia mbili;
biti nane zilikuwa nyingi mno.
Nikajaribu saba, kwa witiri: makosa kila mstari.
Saba, kwa shufwa.

Shufwa maana yake kila herufi huhesabiwa moja zake kabla ya safari,
na zikiwa na mpweke, huongezewa mwenzi.
Mwalimu wa hisabati alinifunza maneno hayo mawili,
sikujua yangenidai siku moja
mbele ya madereva tisa wenye njaa.

41,360.

Tarakimu zikatulia kama mtu aliyefika kwake.
Nikaandika yote kwenye plasta ya kidonda,
nikaibandika nyuma, juu ya buibui:
atakayekuja asianze na kuku.

Orest akaja dirishani kuchukua karatasi yake.
«Ilikuwa na nini?»
Nikamwambia: wawili walikuwa wakitumia kengele moja.
Akatazama uzito wake, akakunja karatasi mara nne.
«Kwetu,» akasema, «tulikuwa saba.»