Ti!

Mbili zimelala juu ya mlango wa jikoni:
bunduki ya marisau aliyoniachia marehemu Verlin,
na raifo ya baba, nyembamba, kitako kimefungwa waya.

Septemba, milima hii ya Kentaki,
mihikori bado imevaa majani yote.
Kindi humwoni. Unaona tawi likitikisika,
unasikia maganda yakidondoka
kama mtu anayekula karanga darini.
Hapo ni marisau. Unamwaga, unaomba.

Lakini Novemba msitu uko uchi
na raifo inadai kitu kimoja tu, jicho:
risasi ndogo kama punje ya mahindi,
kichwani, nyama isiguswe.
Baba alikuwa akinipa risasi tano alfajiri;
jioni alitaka kindi watano,
au maelezo.

Leo ni Novemba.
Nimeishika raifo, nimelenga kikombe uani
nikaona viwili.
Ukungu huu tangu Pasaka. Daktari yuko Hazard,
na Hazard ni mbali kwa anayeogopa jibu.

Nikairudisha msumarini.

Usiku, mchuzi mzito, wajukuu mezani.
Kila baada ya kitambo: ti!
punje ya risasi imetemwa kwenye sahani.
Hakuna anayeniuliza.
Wanatafuna polepole,
upande mmoja wa mdomo.