Tarakimu Ishirini

Mita ya umeme aliifunga juu ya mlango
fundi Elinami, mtu wa futi sita,
akashuka, akabeba ngazi yake, akaenda.

Tangu hapo mama yangu Aikaruwa
hupanda ndoo iliyofudikizwa,
simu mkono huu, kidole cha mkono ule,
giza la Kiboriloni likimsukuma mgongoni.
Tarakimu ishirini.
Akifika ya kumi na moja, simu inazimika.
Akiiamsha, mita nayo imechoka kungoja,
imefuta zote.

Kitufe cha namba tano kimelika.
Kile cha kufuta kimekaa ubavuni mwa kile cha kukubali
kama mwizi na mlinzi kwenye benchi moja.

Imekataliwa, inasema mita.
Haisemi kwa nini.

Usiku mmoja akaacha kubishana nayo.
Akachovya rangi ya kucha ya binti yangu,
akaitia tano nukta nyekundu;
akachukua mkaa, akaandika ukutani
zote ishirini, nne nne,
zenye nafasi ya kupumulia.

Sasa ukuta wetu umejaa hesabu:
umeme wa msiba wa baba, umeme wa Krismasi,
ule wa elfu mbili tu, mwezi wa ada.

"Aliyeiunda," alisema, mguu ukiitafuta sakafu,
"ni mrefu, macho yake mapya,
na kwake hakujawahi kuwa giza."

Taa ikawaka.
Bado alikuwa na mkaa mkononi,
akitazama pa kujifutia.