Dakika Kumi na Moja

Zilikuwa dakika kumi na moja. Nilizihesabu mnarani,
kalamu mkononi, masikio yakitoka jasho.
Ndege ya mizigo, imejaa chanjo,
inazunguka juu ya ziwa kama mgeni asiyefunguliwa lango,
na rubani ananiuliza kwa sauti ya mtu anayeomba radhi:
"Goma, lile jeusi juu yenu ni wingu au ni majivu?"

Sikujua.

Kyakimwa alijua. Kule kwenye kituo cha volkano
sindano ya mashine yake ilitetemeka tangu saa tisa usiku.
Akaandika daftarini, mwandiko mzuri wa mtoto wa mwalimu,
akalifunga, akalitia kwenye droo,
akamsubiri mkuu wake aje na mhuri.

Batachoka wa hali ya hewa alijua:
upepo umegeuka, sasa unatoka mlimani.
Akaituma ripoti Kinshasa, kama sheria inavyotaka.
Kinshasa ni ng'ambo ya msitu wote.
Kutoka mezani kwake hadi kwangu ni ngazi thelathini na mbili.
Ripoti ikavuka msitu. Ngazi haikuzipanda.

Zimamoto walijua gari lao halina maji.
Lukogo wa mafuta alijua tangi limebaki robo.
Wenye mzigo walijua barafu yao haifiki adhuhuri.
Na mimi, nisijisahau, nilijua maji yametuama
upande wa kaskazini, pale lava ilipolala juu ya lami.
Nilijua, nikakaa nalo,
kwa kuwa hakuna aliyeniuliza.

Kidole kimoja hakivunji chawa, ndivyo tunavyosema.
Asubuhi ile vidole vilikuwa vitano,
kila kimoja kimevaa glavu yake.

Ndege iligeuka, ikatua Kavumu. Hakufa mtu.
Ndiyo maana ilikuwa rahisi kusahau.
Barafu iliyeyukia huko, kwenye jua la watu wengine,
na akina mama wa Kanyaruchinya, waliopanga foleni tangu alfajiri,
wakateremsha mikono ya nguo za watoto wao
wakarudi kwenye mahema.

Tulipoitwa kikaoni kila mmoja alikuja na mkuu wake,
na kila mkuu na mhuri wake.
"Takwimu zetu ni mali ya taasisi."
"Barua ipitie ngazi husika."
(Ngazi! Batachoka alinitazama, nikatazama viatu.)
Hadi Kyakimwa akasimama, hakuombwa,
akasema, "Mlima haukuniomba mhuri,"
akaketi. Kiti cha plastiki kikalia chini yake.

Haikuisha siku hiyo. Ilichukua mvua mbili na kiangazi kimoja.
Lakini sasa, saa kumi na moja alfajiri,
kabla chukudu za viazi hazijashuka kutoka Kibumba,
kila ofisi inaweka mstari wake kwenye ukurasa mmoja
unaosomwa na wote kwa saa ileile.
Upepo. Mtetemeko. Maji. Mafuta. Njia ya kurukia.
Hakuna mheshimiwa, hakuna "natumaini u mzima".

Leo mstari wa Kyakimwa ulikuwa mfupi kuliko yote:
*Kipimo cha Rusayo kimekatika. Sijui.*

Nikausoma mara mbili. Nikapiga Bunia,
nikamwambia rubani asiwashe injini.
"Kwa sababu gani?"
"Kuna mtu hajui kitu, na amesema."

Akanyamaza. Nilisikia kijiko kikigonga kikombe.
Saa moja na nusu mlima ulikaa kimya, mweupe kwa ukungu,
haukufanya lolote, na wenye ndege wakanitukana ipasavyo.
Fundi akarudi kutoka Rusayo, suruali imelowa hadi magotini:
panya walikuwa wametafuna waya.

Nikaliandika na hilo, kwenye mstari wangu.
Lukogo akajibu kutoka kwenye mafuta:
ana paka wawili, tukimhitaji mmoja.