Mstari wa Kumi na Nne

Mkataba wa zahanati una mistari kumi na saba.
Malaria, meno, macho, kushonwa ukijikata na kisu cha masega.
Bwana Anselmi aliusoma wote kwa miwani ya marehemu mkewe,
akafika wa kumi na nne, *uzazi wa mpango*,
akavuta rula yangu, akaukata taratibu, wino mwekundu,
kama fundi anayepima mbao ya jeneza.
"Huu siulipii. Dhamiri siiuzi kwa rejareja."

Mimi ni karani. Kazi yangu ni kunakili.

Wala si mtu mbaya, nisikilizeni kabla hamjanuna.
Saa sita kamili anazima mashine, tunasali Malaika wa Bwana,
na Waislamu wa Isevya hukaa kimya, ndoo mapajani, wakitungoja.
Akijifungua mfanyakazi: mchele kilo kumi, kanga doti mbili,
na likizo yake haikatwi hata senti.
Baba yangu alipofia Kitete, sanduku alilipa yeye,
na hajalitaja mpaka leo.

Ila mstari ni mstari.

Chumba cha kuchuja kina wanawake ishirini na watatu.
Viganja vyao vinanata, ukipewa mkono unachelewa kuupata wako.
Nyamizi alivua glavu, akapanda ngazi za ofisi.
Watoto watano. Wa mwisho hajaota jino.
"Bosi, ile sindano ya miezi mitatu..."
"Mwanangu, mimi ni wa tisa kuzaliwa.
Mama angepanga, leo nani angekulipa mshahara?"

Hapo wengi hucheka, mambo yakaisha.
Nyamizi hakucheka.
"Mama aliishi miaka mingapi?"

Chini walikuwa wanapakua ndoo. Nilizihesabu kwa masikio.
Ya sita. Ya saba. Ya nane ilianguka.
"Arobaini na mmoja," akasema,
sauti ikitoka mahali ambapo Jumapili haifiki.
"Nilikuwa darasa la tatu."

Msidhani kitu kilibadilika.
Muhuri uligongwa jioni ileile.

Mtaniambia Serikali inatoa bure. Kweli inatoa:
Jumanne, zahanati ya kata, ukiwahi namba kabla ya saa moja,
ukikuta dawa haijaisha.
Na Jumanne ndiyo siku lori la Sikonge linaingia.
Asiyekuwepo Jumanne hukatwa siku, elfu nane.
Bure yetu ina bei, na ninayeiandika ni mimi.

Kapama, dereva wa lori, aliniambia huku anatafuna nta:
"Nyuki vibarua wote ni majike, karani. Na hawazai.
Wangekuwa wanazaa, wewe ungeandika nini humo?"
Akatema, akawasha gari.

Jumanne iliyopita stuli tatu zilikuwa tupu.
Nikafungua daftari la mahudhurio.
Nyamizi: yupo.
Tabu Seif: yupo.
Mwashi: yupo.
Mkono haukutetemeka, ningependa utetemeke.

Bwana Anselmi akashuka, rozari na funguo vikigombana mfukoni.
Akaziona stuli. Akaniona mimi.
"Nyamizi yuko wapi?"
"Yupo, bosi."
Akakaa na neno hilo mdomoni
kama anavyoonja asali ya mtu asiyemjua,
akitafuta sukari ndani yake.
Kisha akatia sahihi chini ya ukurasa
na kwenda kuzima mashine, maana saa sita ilikuwa imefika.

Tukasali.
Jumamosi padri anakaa kitubioni tangu saa tisa.
Uongo huo nitampelekea,
au nitauacha palepale daftarini,
juu kidogo ya sahihi yake.