Picha ya Sita

Umeme umekatika Isevya.
Kompyuta ya Nyamizi imebaki na asilimia kumi na nne.
Mrina asali wake ana picha nane za kutembea
na bado anateleza, kama kapakwa mafuta nyayoni.

Kisigino kinatua, goti linakunjika, mguu unapita:
vyote sahihi, vyote maiti.

Ndipo anamkumbuka Maganga, kuli wa stesheni,
gunia la karanga bega la kulia,
na upande huo tu, kabla ya kuinuka,
alizama kidogo
kama mtu anayeiuliza ardhi bei.

Anashusha kiuno pikseli mbili. Picha ya sita, basi.
Mzinga mgongoni unachelewa,
kisha unafuata.

Asilimia tatu.
Mrina anatembea palepale, hafiki popote,
lakini sasa
amechoka.