Kamusi Isiyo na A

Kamusi yetu inaanzia kwenye "baa".
Kurasa za mbele zilifungia karanga
mwaka ule sukari ilipopanda,
kwa hiyo nyumba hii ya Barabara ya Kumi na Tatu
haina adhabu, haina ajizi,
na deni la Semkiwa, kwa kuwa aliliita ahadi,
halisomeki popote.

Ijumaa, umeme ukikatika Ngamiani nzima,
tunatandika jamvi uani, tunawasha karabai.
Mmoja anachagua neno tusilolijua,
wengine wanalitungia maana
kwenye vipande vya mfuko wa unga;
ya kweli inachanganywa na za uongo
kama mchele na chuya,
kisha kila mtu anaokota anayoiamini.
Ukimdanganya mwenzio, kunde moja.
Ukiujua ukweli, kunde mbili.
Kilua, muuguzi wa zamu za usiku,
anasema huu ni mshahara bora kuliko wake:
haukatwi.

"Fuawe," akasoma Mwantumu.
Mke anayefuliwa nguo na mumewe, aliandika Semkiwa,
na mimi na Kilua tukaipa kura kwa matumaini.
Kumbe ni chuma cha mhunzi, kinachopigiwa vyuma vingine.
Chengelele: tuliapa ni kengele ya baiskeli iliyoingia kutu,
maana Tanga nani asiyeijua sauti hiyo?
Kumbe ni utumbo mwembamba.
Kilua alikosa, na matumbo ndiyo kazi yake.
Tulicheka hadi jirani akagonga ukuta
kuuliza kama tumepata msiba au posa.

Kupaza, mpangaji wa chumba cha uani,
alishinda akipima marobota ya mkonge,
na jioni akarudi maneno yake kayaacha kwenye mizani.
Alikuwa na kunde tatu tangu Ramadhani.

Usiku ule kamusi ilikuwa kwangu.
Nikachagua "kitefute".
Nikazisoma zote kwa sauti moja, kama karani wa mahakama:
kitambaa cha kufutia ubao;
dawa ya chawa;
mtoto atafunaye bila kitu kinywani;
sehemu ya uso iliyo chini ya jicho, juu ya shavu;
joto linalobaki kitini mtu akishainuka.

Kimya.
Hata karabai ilipunguza kunung'unika.
Wote waliichagua ya mwisho. Hata Mwantumu,
aliyefundisha Kiswahili miaka thelathini na mmoja
na hajapata kuisamehe koma.
Hata mimi, niliyeuona ukweli kwa macho,
nilirudi kwenye ukurasa kuhakikisha.
"Basi kamusi imekosea," akasema Semkiwa.
Kupaza akapokea kunde zake tatu
huku akijigusa chini ya jicho
kama mtu anayetazama iwapo naye alipewa.

Tangu hapo neno likahamia kwetu.
"Usikae hapo, pana kitefute cha paka."
"Kiti cha daktari," akalalama Kilua,
"hakina kitefute tangu Jumanne."

Kupaza alihamishwa, au alijihamisha,
mwezi wa mvua za vuli.
Hakuaga.
Hatukumlaumu: kuaga kulikuwa kwenye kurasa za karanga.
Funguo alizilaza juu ya kopo la kunde.
Nikaingia chumbani, nikakikalia kigoda chake upesi, upesi,
nacho kilikuwa baridi kama kigae,
na kitefute kile kingine, cha kamusi,
kikalowa.

Juzi mwanangu karudi na insha,
neno limezungushiwa wino mwekundu.
Nikamwambia mwalimu ana haki.
Halafu, alipolala, nikaifungua kamusi,
na chini ya maana ya kwanza nikaandika ya pili,
kwa penseli, kwa mkono mwepesi,
mwenye haki akija
afute.